Mkimweleza kijana habari za bangi, mwelezeni na raha yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila Juni 26 inapokaribia, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya dawa za kulevya, magazeti yetu hujaa makala za bangi zenye ujumbe uleule: ukivuta, utakuwa chizi. Kijana wa miaka 17 anasoma makala hiyo, jioni anapita maskani, anawakuta watu watano wanapokezana msokoto huku wakicheka, na asubuhi anawaona wote watano wakienda kazini kama kawaida. Tangu siku hiyo haamini tena neno lolote kuhusu bangi, hata lile la kweli ambalo lingemwokoa. Sisi ni watu wa kazi hii, wauguzi na washauri nasaha wa waraibu, na tunaona makala za namna hiyo zinatuharibia kazi. Kijana aelezwe yote, na raha iwemo.

Tuanze na hiyo raha, maana hakuna anayevuta bangi kwa sababu ya madhara yake. Moshi ukifika mapafuni, kemikali iitwayo THC huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo muda mfupi sana. Stimu huanza ndani ya dakika chache, hufika kileleni kati ya dakika 15 na 30, kisha hushuka taratibu kwa saa mbili hadi nne. Muundo wa THC ulibainishwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli. Baadaye, mwaka 1988, vilitambuliwa vipokezi vya ubongo ambavyo THC hujishikiza, na mwaka 1992 ikajulikana kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali yake, anandamaidi, ya kuviamsha vipokezi hivyo. Anandamaidi hutolewa kidogo, mahali inapohitajika, na huvunjwa upesi. THC huingia kila mahali kwa mkupuo mmoja na kukaa kwa saa kadhaa.

Ndiyo maana mvutaji hucheka vitu vidogo, muziki humfikia kwa undani, chakula cha jana huwa kitamu, misuli hulegea, na wasiwasi wa kodi ya nyumba husogea mbali kwa muda. Dakika kumi humpita kama nusu saa. Wengine hulala haraka. Raha hizo ni za kweli, na anayezikana mbele ya kijana hapati nafasi ya kumweleza yanayofuata.

Sehemu zilezile zinazoleta raha ndizo zinazoleta hasara. Vipokezi hivyo ni vingi kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, kwa hiyo mvutaji huanza sentensi akasahau alikuwa anakwenda wapi. Mwanafunzi anayesoma akiwa na stimu anapitisha macho tu kwenye kurasa. Vipo pia kwenye tezi za mate, ndiyo sababu ya mdomo kukauka. Mishipa ya damu hutanuka, macho yakawa mekundu, na moyo huongeza mapigo kwa asilimia 20 hadi 50 katika dakika za mwanzo. Kwa kijana mwenye moyo mzima hilo hupita bila shida. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuumwa kifua cha moyo, saa ya kwanza baada ya kuvuta ni saa ya hatari.

Madhara hutegemea umri wa mvutaji, nguvu ya bangi, mara anazovuta, njia anayoitumia na kitu alichochanganya nacho. Hapa ndipo makala zenu hupita haraka mno.

Chukua nguvu. Bangi iliyojaa majani, vijiti na mbegu ina THC kidogo, na ile ya maua matupu ya mmea jike ina nyingi. Marekani, bangi iliyokamatwa na polisi katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4 hivi, na siku hizi wastani umepita asilimia 10, nyingine zikivuka 20. Kwetu inayoitwa skanka ni ya kundi hilo kali. Piga hesabu: msokoto wa gramu nusu wenye asilimia 4 una miligramu 20 za THC, na wenye asilimia 20 una miligramu 100. Sehemu kubwa huteketea kwenye moto au hupotea na moshi wa pembeni, lakini uwiano hubaki uleule. Mtu aliyezoea mikupuo sita ya bangi ya shamba akivuta mikupuo sita ya skanka amejipa dozi mara tano, na kwenye kete hakuna lebo ya kumwonya. Wengi wanaoletwa hospitali wakitetemeka na kusema wanakufa, kilichowapata ni hiki. Anayevuta kitu asichokijua akomee mkupuo mmoja, asubiri robo saa nzima kabla ya kuamua lolote.

Njia nayo. Bangi ya kuliwa, kwenye biskuti, keki au chai, haifanyi kazi kama ya moshi. Inapita tumboni na kwenye ini, na ini huigeuza THC kuwa aina nyingine inayoingia kwenye ubongo kwa nguvu zaidi. Stimu huchelewa, nusu saa hadi saa mbili, na zaidi kama tumbo lilikuwa limejaa. Mlaji anaona kimya, anasema "hii feki," anaongeza kipande cha pili na cha tatu, kisha vyote vinampanda pamoja na kumkalia saa sita hadi kumi na mbili. Kubwa zaidi ni watoto wadogo. Mtoto wa miaka mitatu hatofautishi biskuti ya bangi na biskuti ya dukani. Mtoto aliyekula huyumba, hulegea, hulala usingizi usioamshika, na anaweza kupungukiwa pumzi. Huyo hasubiriwi aamke nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, na mzazi aseme wazi alichokula hata kama ana aibu, vinginevyo daktari atapoteza saa nzima akitafuta malaria na homa ya uti wa mgongo.

Tukija kwenye mapafu, moshi wa bangi una lami na gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi kama moshi wa sigara. Mvutaji wa kila siku huishia na kikohozi cha asubuhi, makohozi na kifua kinachokoroma, na mara nyingi hupungua akiacha. Kuna kosa moja ambalo karibu kila maskani hufundishwa kama ufundi, nalo ni kushikilia moshi kifuani hadi macho yatoke. THC karibu yote hupita ndani ya sekunde chache za kwanza. Anayeshikilia haongezi stimu ya maana, anaongeza lami tu, na kile kizunguzungu anachokisifia kwa sehemu kubwa ni kukosa oksijeni. Kosa la pili ni kuchanganya na tumbaku ili msokoto uwake vizuri. Wapo wanaoamini wanahangaika na bangi kumbe mwili unadai nikotini. Hawa wakiacha bangi bila kushughulikia tumbaku, hurudi ndani ya wiki.

Na hili la kifua kikuu tunashangaa halisemwi. Watu kufungiana ndani ya gari au chumba kisicho na dirisha ili moshi usipotee, wakipokezana msokoto mmoja na kukoholeana, ni mazingira ambayo bakteria wa TB wasingeweza kuyaomba bora zaidi. Mwaka 2004 mjini Seattle, Marekani, wachunguzi wa afya waliukuta mlipuko wa TB ukipita katikati ya vijana waliokuwa na tabia hiyo hasa. Hapa kwetu, ambako TB bado imo mitaani, kila anayekohoa zaidi ya wiki mbili na anavuta kwa kupokezana apeleke makohozi yakapimwe, asijiambie ni kikohozi cha moshi.

Sasa kuzidiwa, kwa sababu hapo ndipo watu hufanya mambo ya hatari kwa nia njema. Aliyezidiwa moyo humwenda mbio, jasho humtoka, anahisi watu wote wanamsema au anakufa. Mtaani humnywesha maziwa, humkamulia ndimu, humwagia maji ya baridi, wengine humtapisha kwa vidole. Maziwa hayaiondoi THC iliyokwisha kuingia kwenye damu, na kumtapisha mtu asiye na fahamu kamili kunaweza kumpeleka matapishi mapafuni. Mtoeni kwenye kelele, mkalisheni mahali penye hewa, mtu mmoja anayemwamini akae naye na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hii ni bangi na itapungua ndani ya saa mbili tatu, au zaidi kama aliila. Mpeni maji kidogokidogo. Asiongezewe pombe, kwani pombe huongeza THC kwenye damu na ndiyo inayoleta ule mzunguko wa dunia na kutapika. Akitaka kulala, alale kwa ubavu na asiachwe peke yake. Akiumwa kifua, akipoteza fahamu, akipata degedege, au kama mna shaka alichovuta kilikuwa na kitu kingine, msisubiri. Kuna kemikali za maabara zinazopuliziwa kwenye majani makavu na kuuzwa kama bangi kali. Hizo huvuruga moyo na figo, na zimeua watu katika nchi nyingi.

Juu ya wazimu tunataka tuwe waangalifu kuliko makala zenu. Nchini Sweden vijana zaidi ya 45,000 waliopimwa wakati wa kuingia jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mara sita zaidi ya wasiovuta. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanyika katika miji ya Ulaya na Brazili, ulikuta wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 na zaidi wako karibu mara tano ya wasiowahi kuvuta kwa uwezekano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwepo. Mara tano na mara sita ni kubwa. Lakini skizofrenia humpata chini ya mtu mmoja katika kila 100, kwa hiyo hata ukizidisha, wavutaji wengi hawataipata. Sehemu ya uhusiano huo pia hutokana na urithi na maisha magumu. Kijana anayepaswa kuambiwa "wewe usiguse kabisa" ni yule mwenye baba, mama, kaka au dada aliyewahi kuugua akili, na yule aliye chini ya miaka 18, kwa sababu ubongo huendelea kujipanga hadi miaka ya katikati ya ishirini. Kwao onyo lisiwe na masharti.

Familia hutuuliza watajuaje kama ni stimu au ni ugonjwa. Hofu ya kuzidiwa huisha pamoja na stimu, na mtu akilala huamka akiwa yeye. Kama kesho yake bado anasikia sauti, anaamini jirani amemwekea kamera, halali usiku wa pili, haogi, anazungumza peke yake, huo ni ugonjwa na unatibika. Kuna dawa, na kadiri anavyowahi ndivyo anavyopona vizuri. Kumfunga kamba au kumpeleka mahali pa kuchapwa ili mapepo yamtoke kunampotezea miezi ambayo dawa ingefanya kazi, na akipona hasahau aliyemfunga.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wagonjwa huzunguka nao zahanati hadi zahanati. Mtu anavuta kila siku kwa miaka, kisha anaanza kutapika kwa vipindi, tumbo linamsokota, anatibiwa vidonda vya tumbo, amiba na typhoid bila nafuu. Alama yake ni moja: anapata nafuu akioga maji ya moto sana, na huoga mara nyingi kwa siku, wengine hadi ngozi inaungua. Madaktari wa Australia waliueleza mwaka 2004. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika husaidia kidogo, maji ya dripu huhitajika kwa sababu figo zinaweza kushindwa, na tiba yenyewe ni kuacha bangi moja kwa moja. Akirudia kuvuta, kutapika kunarudi. Kinachowachanganya wengi ni kwamba bangi inajulikana kuzuia kichefuchefu, basi mgonjwa huongeza kuvuta akidhani anajitibu.

Kuhusu uraibu, ile kauli ya vijiweni kwamba bangi haina arosto, yaani mateso ya mwili mtu anapoacha, si kweli. Katika kila watu 100 walioijaribu, takriban 9 huwa waraibu. Walioanza wakiwa vijana wadogo hufika kama 17. Na kwa wanaovuta kila siku idadi ni kubwa zaidi ya hapo. Si arosto ya heroini, haitikisi mwili kwa kiasi hicho, na hakuna dawa ya bangi kama methadoni wanayopewa waraibu wa heroini, wala dawa maalumu iliyothibitishwa. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuacha: hasira za haraka, jasho usiku, hamu ya kula kupotea, usingizi kukatika. Hufika kileleni ndani ya wiki ya kwanza na kupungua ndani ya wiki mbili. Ndoto kali ndizo hukaa muda mrefu, kwa sababu THC ilikuwa inazuia ile sehemu ya usingizi yenye ndoto na sasa ubongo unafidia. Wengi hurudia kuvuta usiku wa tatu au wa nne ili tu walale, wakidhani kukosa usingizi ni hali yao ya kudumu. Wakiambiwa mapema kwamba ni wiki mbili, wengi huvumilia.

Anayetaka kuacha atangulie kuondoa kete, karatasi na viberiti vyote nyumbani, abadilishe njia ya kurudi ili asipite maskani kwa mwezi wa kwanza, aache kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya saa nane mchana, ale kidogo mara nyingi badala ya kusubiri njaa, na achoshe mwili kwa kazi au mazoezi kabla ya jioni. Anayevuta tangu asubuhi na hawezi kukata ghafla asogeze msokoto wa kwanza saa mbili mbele kila baada ya siku tatu hadi ubaki wa usiku, kisha aukate huo. Vipokezi vya ubongo vilivyokuwa vimepungua huanza kurudi ndani ya siku mbili na hukaribia hali ya kawaida baada ya wiki nne hivi. Akianguka siku moja aendelee pale alipokuwa, kwani hajarudi mwanzo.

Dereva wa bodaboda anasema bangi humtuliza barabarani. Kweli huenda akaendesha polepole, lakini muda wa kushika breki hurefuka na macho husahau kuangalia pembeni, na akichanganya na bia moja hali huwa mbaya kuliko vitu viwili hivyo vikitumika mbalimbali. Asiguse usukani kwa saa sita baada ya kuvuta, na zaidi kama alikula. Wanaotafuta kazi migodini na kwenye malori wajue pia kwamba THC hujificha kwenye mafuta ya mwili: aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwenye mkojo kwa siku tatu hivi, wa kila siku kwa mwezi na zaidi. Kunywa maji mengi au siki asubuhi ya kipimo hakuisafishi.

Kwa wanaume wanaotafuta mtoto: utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2015, kwa vijana 1,215, ulikuta waliokuwa wakivuta zaidi ya mara moja kwa wiki wana mbegu pungufu kwa asilimia 28. Kwa wajawazito, bangi hupita kwenye kondo na huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na haifai kama dawa ya kichefuchefu cha mimba.

Habari za bangi kutibu saratani zinazozunguka kwenye simu zimewafanya wagonjwa waache matibabu. Kilichothibitishwa ni kidogo kuliko hicho: Marekani iliidhinisha vidonge vya THC kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani mwaka 1985, na mwaka 2018 dawa ya maji ya kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi, kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Hizo ni dozi zilizopimwa kwa miligramu, na msokoto haupimiki hivyo.

Na sheria ni dhara kama madhara mengine. Afrika Kusini mahakama ya katiba iliruhusu matumizi ya faragha kwa watu wazima mwaka 2018, na Ujerumani iliruhusu watu wazima kubeba hadi gramu 25 tangu Aprili 2024. Hapa Tanzania Sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kuuza na kutumia, na anayekamatwa na kete moja anaweza kukaa rumande muda mrefu kuliko stimu elfu moja. Kijana anayeona kwenye simu picha za watu wakivuta wazi Amsterdam akumbuke yuko Tandika, Dar es Salaam.

Tunachoomba gazeti lako ni dogo. Mnapoandika kuhusu mgonjwa aliyechanganyikiwa "kwa sababu ya bangi", ulizeni na muandike: alikuwa na umri gani alipoanza, alivuta mara ngapi kwa siku, ilikuwa ya shamba au skanka, alichanganya na nini, na kama nyumbani kwao kuna mwingine aliyewahi kuugua akili. Maswali hayohayo ndiyo daktari atakayouliza mapokezi. Familia inayoyajibu bila kuficha, ikabeba na mabaki ya kilichovutwa ndani ya karatasi, humrahisishia daktari kujua aanze na matibabu gani.

Wauguzi na washauri nasaha wa waraibu,
Dar es Salaam